Neno Mtanganyika na Asili Yake

Mimi nilizaliwa Rasbura, Lindi, mwaka 1950. Mji upo, bahari ipo, na mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu ulikuwapo mpaka juzi juzi. Lakini nchi niliyozaliwa haipo tena. Haikutekwa na adui wala haikuzama baharini. Ilikoma kwa karatasi, tena wengi wetu tulishangilia, na mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwao.

Kwa miaka mingi jambo hili halikunisumbua. Nimekuwa mwalimu tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na miaka kumi na tisa ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Historia ya nchi yetu nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema huku nikikuna nazi. Nilipokwenda kuandikishwa ili nipate kitambulisho, katika ofisi moja ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwamo walikuwa wakitumwa tu, ndipo nilipobaini kwamba kuna neno moja nililolifundisha bila kulifikiri sawasawa. Neno lenyewe ni Mtanganyika. Nitaeleza kwanza neno hili limetoka wapi, kisha nitarudi kwenye ile ofisi.

Wazee wetu wa pwani hii hawakuwa Watanganyika. Babu mzaa mama alikuwa Mmwera wa Mchinga. Ukimwuliza yeye ni nani, angekutajia ukoo wake, yaani ukoo wa mama yake, kwa maana Wamwera, kama walivyo Wamakonde na Wayao, huhesabu mtoto kwa upande wa mama. Ungemwuliza ni mtu wa wapi, angesema Mchinga. Kama ungezidi kumdadisi, labda angesema ni mtu wa Mgao, jina la zamani la pwani yote hii kutoka Kilwa kushuka hadi Ruvuma. Jina hilo vijana wa leo hawalijui ila kama kijiji kimoja huko Mtwara.

Wadachi walipoinunua pwani kwa Sultani wa Unguja mwaka 1890, nchi yote waliiita Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Hilo ni jina refu, na lina upungufu mmoja ambao mwalimu wa Kiswahili huuona mara moja: huwezi kulitia M- wala Wa-. Mtu wa nchi hiyo aitwe nani? Hakuwa na jina. Alikuwa Mmwera, au Mngoni, au Mswahili, na mbele ya bwana shauri alikuwa mtu wa kulipa kodi. Miaka ya vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, watu wa makabila mengi walipigana upande mmoja, na hata hapo hapakupatikana neno moja la kuwataja wote. Walijulikana kwa maji waliyokunywa.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe. Mimi nilifundishwa darasani kwamba Tanganyika ni maneno mawili, tanga na nyika. Tanga ni la jahazi na nyika ni pori, kwa hiyo nchi yetu ni tanga lililotandazwa nyikani. Mwalimu wetu alichora jahazi ubaoni na chini yake akachora vichaka. Picha ile ilinikaa sana, nami nilipokuwa mwalimu niliichora vile vile, kwa chaki ya rangi mbili. Naomba radhi kwa wote niliowafundisha. Ni hadithi nzuri, lakini haina mizizi.

Jina lilianza kuwa la ziwa, miaka mingi kabla halijawa la nchi. Misafara ya pwani ilikuwa ikifika Ujiji kwa biashara ya pembe na watumwa, na watu wa misafara hiyo ndio waliolileta jina masikioni mwa Wazungu. Richard Burton na John Speke walifika kwenye ziwa hilo Februari 1858. Burton akiwa mgonjwa hata kutembea hawezi, na Speke macho yakiwa yamefifia, waliongozwa na watu wa huku kwetu. Mmoja wao, ambaye kila mwanafunzi angefaa kumjua, ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapitishwa Kilwa na kuuzwa hadi Bara Hindi, akarudi akiwa mtu mzima na kuongoza misafara ya wenye majina makubwa. Burton aliandika kwamba jina la ziwa linatokana na neno lenye maana ya kuungana au kukutana, yaani mahali maji yanapokutana. Stanley alipokuwa Ujiji mwaka 1876 naye aliulizia, akaambiwa jambo jingine: ziwa kubwa lililotandaa kama uwanda. Aligundua pia kwamba makabila yanayolizunguka ziwa hilo yaliliita kila moja kwa jina lake.

Mimi nina sababu yangu ya kuegemea upande wa Burton, na sababu hiyo haihitaji kusafiri hadi Ujiji. Chukua Kiswahili cha Mombasa ukilinganishe na cha Unguja. Mchanga wa Unguja, Mombasa ni mtanga. Kucheka ni kuteka. Mahali pengi penye ch kwa Waunguja, wa Mombasa wana t. Basi kuchanganya kwao ni kutanganya. Soma sasa jina la ziwa kwa sauti, kisha soma neno changanyika. Nilipoona hivyo niliweka kitabu chini, nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa maana lile jahazi langu la chaki lilikuwa limezama mbele ya macho yangu. Ndugu wa neno hilo tunao mpaka leo katika Kiswahili cha kila mahali: kutangamana, na utangamano, ambalo viongozi wetu hulitumia sana wanapozungumza habari za Afrika ya Mashariki.

Lakini ziwa ni ziwa. Kutoka Rasbura hadi Kigoma, kama kunguru arukavyo, ni zaidi ya kilometa 1,000. Bibi yangu aliishi miaka themanini na kitu, akafa hajapata kuyaona maji yale wala kumjua mtu aliyeyaona. Alipewaje jina lake?

Alipewa London. Vita ya kwanza ilipokwisha, Mjerumani alinyang'anywa makoloni yake, na sehemu kubwa ya nchi hii akakabidhiwa Mwingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Huku Lindi vita hiyo iliacha makovu. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika ya Mashariki, na babu yangu yule wa Mchinga alikuwa mpagazi huko, akibeba mizigo ya risasi kichwani bila kuambiwa anambebea nani na kwa nini. Mwaka 1920 wakubwa wa Ofisi ya Makoloni walikaa kutafuta jina jipya, kwa sababu la Kijerumani lisingeweza kubaki. Mapendekezo yalikuwa mengi. Kuna aliyetaka nchi iitwe Smutsland, kumheshimu Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini. Likakataliwa kwa kuwa halipendezi masikioni. Likatajwa Windsorland, kwa jina la ukoo wa mfalme. Likatajwa Eburnea, kutokana na neno la Kilatini la pembe za ndovu. Likatajwa New Maryland, na Victoria pia. Waziri wa Makoloni alishikilia kwamba lipatikane jina la wenyeji linalohusiana na nchi yenyewe. Kilimanjaro na Tabora nusura zichaguliwe. Mwishowe mkubwa mmoja wa ofisi hiyo akaleta Tanganyika, likapita.

Nawaza mara nyingine tungekuwaje. Tungekuwa Wavictoria? Wawindsor? Mjomba wangu, aliyekuwa mcheshi, alipenda kusema kwamba kama lingepita Tabora basi Wanyamwezi wangetutoza kodi ya jina.

Hivyo ndivyo nchi ilivyopata jina, lakini mtu wa nchi bado hakulipata. Msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo kiini cha maelezo yangu. Mwaka 1922 ilitolewa stempu yenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na kwa gazeti hilo jina liliingia vijijini likisomwa kwa sauti barazani. Twiga alikuwa mnyama wa Tanganyika, na gazeti likawa la Tanganyika. Mtu je? Katika sheria alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Mwingereza. Hospitalini, shuleni na gerezani alikuwa Mwafrika, mbali na Mhindi na mbali na Mzungu. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza hawakuingia mpaka 1945, nao walikuwa machifu wawili. Nchi ilikuwapo miaka ishirini na mitano bila ya kuwa na watu wenye jina lake.

Watu walijipa jina wenyewe. Chama cha Waafrika kilichoanza mwaka 1929 hakikuwa na neno Tanganyika, liliongezwa baadaye. Tarehe 7 Julai 1954 kikazaliwa TANU, na tangu hapo neno lililochaguliwa na makarani wa London likageuzwa na watu wenyewe kuwa dai. Kusema mimi ni Mtanganyika ilikuwa ni kusema kwamba mimi siyo tu Mmwera, wala siyo tu mtu wa kulindwa na Mwingereza. Nadhani ndiyo sababu wala halikuchukiwa. Majina mengi ya wakoloni yalitupwa baada ya Uhuru, lakini hili hatukulitupa kwa chuki. Tulilikuta ni tupu, tukalijaza.

Hapa sina budi kusema habari za marehemu baba yangu.

Baba hakuzaliwa Lindi. Alizaliwa upande wa pili wa Ruvuma, katika nyanda za juu za Mueda, nchi ya Mreno. Alivuka mto akiwa kijana, katika miaka ya arubaini, kwa sababu ambazo maelfu ya wenzake walivuka nazo: kazi za kulazimishwa na Mreno, na habari kwamba kwa Mwingereza kuna mkonge na kuna mshahara. Alikata mkonge Kikwetu. Nimewahi kukiona kipande chake, ile kadi ya siku thelathini ambayo mnyapara aliitia alama kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa, na usipomaliza siku hiyo haihesabiwi. Akamwoa mama yangu wa Mchinga, akajenga Rasbura, akaacha mkonge na kuwa mwuza samaki wa kukaanga. Watu wa mji walimwita Mmawia, kama wanavyowaita Wamakonde wote wa ng'ambo. Lilisemwa kwa utani, ila utani wenye mwiba. Yeye alikuwa akijibu kwamba samaki hawajui mto Ruvuma.

Alijiunga na TANU nikiwa bado sijaanza shule. Kadi yake aliitunza ndani ya bweta la bati pamoja na kile kipande na stakabadhi za kodi, na siku za mkutano aliitia kwenye mfuko wa shati huku ukingo wake ukionekana kidogo. Nilimsikia kwa masikio yangu akijiita Mtanganyika. Alilitamka polepole, kama mtu anayekanyaga ngazi mpya ambayo hajaizoea.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili mswada wa uraia. Walikuwapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, na wa rangi nyingine wangoje. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kwamba kupima uraia kwa rangi ni njia ile ile ya Hitler, na kwamba mswada ukishindwa serikali itajiuzulu. Mswada ukapita. Nimeufundisha mjadala huu kwa fahari kila mwaka, nami bado naona fahari. Tangu siku ile Mtanganyika aliweza kuwa mweusi, mweupe, Mhindi au Mwarabu. Neno liliachana na rangi.

Lakini nililolifundisha lilikuwa nusu tu ya sheria. Kukataa kupima kwa rangi kulimaanisha kupima kwa kitu kingine, na kipimo kilichochukuliwa ni mahali pa kuzaliwa. Aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja akiwa naye amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bila kuomba wala kulipa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa darasa la nne, niliyesimama uwanjani na bendera ya karatasi nikingoja kupewa mkate na chai, nilikuwa Mtanganyika kwa sababu ya mama. Hata kwa mila yetu ingekuwa hivyo hivyo. Na baba, aliyekuwa na kadi, aliyelipa kodi kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na ambaye usiku ule alipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka, hakuwa. Alipaswa kuomba uraia wa tajnisi.

Hakuomba. Sikumbuki kama kuna aliyemwambia aombe. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilimweleza. Alilifungua lile bweta, akaitoa kadi, akaniuliza kama mimi mwenye elimu naona imeandikwa nini. Nikasoma. Akasema, basi. Sikuwa na la kumjibu, wala sikutaka kulitafuta.

Nchi ya Tanganyika yenye kujitawala iliishi muda mfupi sana. Ukihesabu kutoka Uhuru hadi tarehe 26 Aprili 1964 ilipoungana na Zanzibar, ni miaka miwili, miezi minne na siku kumi na saba. Mbuzi huishi zaidi. Miezi michache ya kwanza tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina ambalo hata mtangazaji wa redio lilimchosha. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo likatangazwa jina jipya, Tanzania, lililochaguliwa baada ya watu kualikwa kupeleka mapendekezo yao. Angalia tofauti na 1920: mara hii waliulizwa wenyeji.

Nilikuwa darasa la saba. Asubuhi moja mwalimu alituambia kwamba katika wimbo wa taifa tutabadilisha neno moja. Tulijaribu tukaona halina tabu, kwa sababu Tanganyika na Tanzania yote yana silabi nne na yote yanaanza na Ta. Wimbo haukuyumba hata kidogo. Mara nyingine hufikiri kwamba kama jina jipya lingekuwa refu au fupi kuliko la zamani, huenda tungelisikia lile la zamani likiondoka.

Halikuondoka lote. TANU iliendelea kuwa na T yake ya Tanganyika mpaka tarehe 5 Februari 1977, ilipoungana na Afro-Shirazi kuwa Chama cha Mapinduzi. Kwa karibu miaka kumi na mitatu chama tawala cha Bara kilibeba jina la nchi isiyokuwapo, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeliona ajabu. Wanasheria wa Bara wamebaki na chama chao cha Tanganyika mpaka leo. Sisi wengine tukawa watu wa Tanzania Bara. Msomaji wa pwani atanielewa nikisema kwamba neno hilo lilitukaa vibaya. Kwetu bara ni kule juu, Newala, Masasi, Songea. Mtu wa Lindi anayeoga bahari kila siku kuitwa mtu wa Bara ni sawa na kumwita pweza ndege. Lakini ukiwa Unguja ukitazama huku, naam, sote ni wa bara.

Kisha neno likarudi, kwa sura nyingine. Mwaka 1993 wabunge hamsini na watano walidai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likakubali hoja hiyo. Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kustaafu, aliipinga kwa nguvu zake zote, na mwaka uliofuata akatoa kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Serikali ya Tanganyika haikuundwa. Nakumbuka chumba cha walimu wakati huo: waliokaa upande wa dirisha walitaka Tanganyika, na waliokaa upande wa mlango hawakuitaka, na katikati palikuwa na birika la chai ambalo lilipoa kila siku bila mtu kulinywa. Jambo lililonishangaza ni kwamba walimu vijana, waliozaliwa baada ya Muungano, ndio waliojiita Watanganyika kwa sauti kubwa. Sisi tuliokuwa Watanganyika wa kweli tulisema kidogo. Yakazuka tena mwaka 2013 na 2014, rasimu ya Katiba ya tume ya Jaji Warioba ilipopendekeza serikali tatu na Bunge Maalumu likarudisha mbili. Kwa hiyo leo kijana akisema Mtanganyika, aghalabu anamaanisha mtu wa Bara mwenye malalamiko juu ya Muungano. Baba angelisikia neno hilo likitumika hivyo asingelielewa. Kwake halikuwa la kujitenga na mtu.

Sasa nirudi ofisini. Ilikuwa mwaka 2018. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti. Akajaza jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Akauliza baba alizaliwa wapi. Ningeweza kusema Lindi, na wapo walionishauri hivyo kabla sijatoka nyumbani. Nikasema Mueda. Akainua macho.

"Mueda ya wapi, mzee?"

Nikamweleza. Akaenda chumba cha ndani, akarudi na mwenzake, na maswali yakabadilika. Nilivuka lini? Niliomba uraia lini? Nikawaambia sijavuka, nimezaliwa hapa, nimewafundisha watoto wa mji huu miaka thelathini na minane. Wakaniambia nilete ushahidi wa mama. Mama alifariki mwaka 1989, na aliyezaliwa Mchinga zamani zile hakuandikiwa cheti. Nilihangaika kwa miezi saba kutafuta wazee wa kunilia kiapo. Wenye umri wa kumkumbuka mama akiwa msichana walikuwa wamebaki wawili tu, na mmoja wao alikuwa hasikii.

Katika miezi hiyo niliisoma Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kwa makini kuliko nilivyopata kusoma kitu chochote. Humo nilikuta kwamba Mtanzania wa rika langu, aliyezaliwa Bara, ni Mtanzania kwa sababu siku ya kuamkia Muungano alikuwa raia wa Tanganyika. Basi ngazi ya chini kabisa ya uraia wangu ni neno lile lile. Ukiling'oa, nyumba yangu haina msingi. Na mlango wa neno hilo mwaka 1961 ulikuwa na upana wa kumpitisha mtoto na kumwacha baba barazani.

Nilirudi na hati za kiapo, na safari hii nilibeba bweta. Sikuombwa kulileta. Kijana yule yule alipokea hati, akazisoma, akaridhika, na nilishukuru. Likabaki sanduku moja kwenye fomu: uraia wa baba. Nikafungua bweta, nikaweka mezani kadi ya TANU. Mwaka 1977 wanachama walipobadilishiwa kadi baba alikwenda kuchukua ya CCM, ila hii ya zamani alisema imepotea.

Nikamwambia andika Mtanganyika.

Hakukataa kwa ubaya. Aligonga herufi kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Ilitokea Tanganyika, Wilaya, Mkoa wa Katavi. Kweli ipo wilaya hiyo, ukingoni mwa ziwa, kama ulivyo ng'ambo yake, huko Kongo, mkoa wa Tanganyika ulioundwa mwaka 2015. Aliniuliza kama baba alikuwa mtu wa Katavi. Nikasema hapana.

Orodha ya nchi ilikuwa na Msumbiji. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na baba, aliyefariki mwaka 1981, hakurudi kuiona hata siku moja. Kijana alingoja, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu, mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia aandike hiyo. Nikatia sahihi, nikaichukua kadi mezani nikairudisha ndani ya bweta.